Sululu wa Malimbuko

Kwa watu wa Mkupe, pale ardhi ya Changamwe inapoteremka polepole hadi ikawa tope na mikoko, Kanze alitambulika kwa mwendo kabla uso wake haujaonekana. Alitembea ameinama. Hakuwa mzee, wala mgongo wake haukuwa na dosari. Ila ndege wa pwani humkimbia mtu aliyesimama wima na kumvumilia aliyeinama, wakimdhani ni mmoja wa wanawake waokotao tondo, wale konokono wa mikoko, wanawake wasio na haja na ndege. Kanze aliinama hivyo kwa miaka, hata mwili ukazoea, akawa anainama akienda kisimani na akienda kanisani.

"Mama Mbeyu," jirani yake Musyoka alikuwa akimwita, "umeangusha nini? Sema nikusaidie kutafuta."

"Nimeangusha adabu yako. Nikiiokota nitakuletea."

Musyoka alikuwa Mkamba, kuli wa bandari ya Kilindini, aliyepanga chumba nyuma ya nyumba ya Kanze. Kifua chake kilikuwa kipana, sauti yake kubwa, na hakuna aliyemsikia akilalamika kuhusu kitu chochote isipokuwa chumvi ya maji ya kisima. Yeye na Kanze walitaniana tangu siku ya kwanza, kama watu waliogundua kwamba wote wawili ni wapweke na hawataki kulizungumza.

Kazi ya kutega ndege ilikuwa ya Baya, mume wa Kanze. Alisokota nyuzi za mkonge, akafunga vitanzi vingi kwenye kamba moja, akaitandaza juu ya tope maji yakipwa, katikati ya mashimo ya kaa ambako ndege huja kuchokoa. Baya alikufa kwa homa, Mbeyu, binti yao wa pekee, akiwa bado anatambaa. Ndugu zake walikuja kutoka Rabai wakachukua jembe na panga na baiskeli. Kile kifurushi cha vitanzi kilichoning'inia ukutani hakuna aliyekitaka. Kanze alikitazama siku nyingi. Kisha asubuhi moja alikitungua, akashuka nacho pwani, na wanawake waliokuwa wakiokota tondo wakanyamaza walipomwona akitandaza kamba kama mwanamume.

Ndege aliowategea hawakuwa wenyeji. Kila mwaka, kaskazi ilipokuwa bado haijavuma, walitokea: kitwitwi wadogo wakimbiao kama vumbi linalopeperushwa, na sululu, wakubwa, wenye mdomo mrefu uliopinda kama sindano ya kushonea magunia. Wakakaa miezi yote ya joto. Masika yalipokaribia, wakanona, wakawa na wasiwasi, na siku moja pwani ikawa tupu. Wazee wengine walisema wanaingia ndani ya tope. Wengine walisema hao wanaokuja ni wapya, kwamba Mungu huwaumba kila mwaka kama anavyoumba mvua. Kanze hakuwa na neno juu ya hilo, mpaka ile Jumapili ya mavuno, mwaka ambao vita vya Wazungu vilianza.

Jumapili ya mavuno kila mtu alipeleka kanisani malimbuko yake: mahindi ya kwanza kuvunjwa, muhogo wa kwanza kung'olewa, dafu la kwanza. Kanze hakuwa amelima mwaka ule. Alileta kikapu kilichofunikwa kwa kanga, akakiweka mbele pamoja na vya wenzake. Mwalimu Ngala, katekista, alifumba macho akaanza kuomba.

"Tunakushukuru, Bwana, kwa mahindi—"

Kutoka kikapuni ikatoka filimbi ndefu, ya kupanda, filimbi nyingi zilizoshikana.

"—na kwa muhogo—"

Filimbi tena. Benchi la watoto likaanza kutikisika kwa vicheko. Mwalimu Ngala alimaliza sala upesi kuliko siku zote, na ibada ilipokwisha alimwita Kanze pembeni.

"Kanze, mwanangu, hiki ni nini?"

"Malimbuko, mwalimu. Ndiye wa kwanza kunasa msimu huu."

"Ungeleta kuku ningempelekea padri. Huyu nimpeleke wapi?"

"Si wa padri. Ni wa Mungu."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Kisha akamtazama yule mwanamke aliyeinama hata akisimama, na kicheko kikamwisha. "Basi mrudishie mwenyewe," alisema. "Mfungue aende."

Kanze alishuka pwani na kikapu chake, lakini njiani akapata taabu ya moyo ambayo mwalimu hakuifikiria. Ndege wa Mungu akishaingia kundini, nani atamjua? Kesho angeweza kunasa, naye Kanze akamtia chunguni, akala cha madhabahuni bila kujua. Alirudi nyumbani. Alikuwa na kikuku cha waya mwembamba wa shaba, cha bibi yake. Akakata kipande, akakizungusha mara moja juu ya mguu wa kushoto wa yule sululu, akakibana kwa meno pasipo kuumiza. Ndipo akamwachia.

Tangu hapo ikawa desturi yake. Wa kwanza kila msimu alipata shaba na kuachiwa. Mwaka wa pili aliuzungusha waya mara mbili, mwaka wa tatu mara tatu, na wa nne akahamia mguu wa kulia, akaanza upya na mzunguko mmoja. Kikuku kikazidi kupungua. Wa kwanza kabisa, yule aliyepiga filimbi kanisani, alimwita Limbuko. Wengine hakuwapa majina.

Hakutarajia kuwaona tena. Aliwatia alama ili asiwadhulumu, basi. Lakini msimu wa pili, ndege walipokuwa wamerudi, alikuwa ameinama kando ya mkondo wa maji, sululu mmoja akavuka kwa miguu, maji yakamsafisha tope, na juu ya mguu wa kushoto jua likagusa kitu chekundu. Kanze alibaki pale pale, mkono mmoja ndani ya tope, mpaka maji yaliyokuwa yakijaa yakamfika magotini. Alikuwa yeye. Hakuingia topeni wala hakuumbwa upya. Alikwenda mahali, akakaa huko miezi ya mvua, na kati ya pwani zote alizoziona kutoka juu akaichagua hii, yenye harufu ya mayai viza na mafuta ya meli, akarudi kwenye mashimo yale yale ya kaa.

Sijui kama inawezekana kueleza jambo hilo lilimfanyia nini. Mumewe alikuwa amekwenda asirudi. Ndugu za mumewe walikuja mara moja, hawakurudi. Katika maisha ya Kanze vitu vilikuwa na tabia ya kuondoka kwa mkondo mmoja tu. Sasa alikuwa na kitu kirudicho, tena kikiwa na alama ya mkono wake mwenyewe.

Kila msimu alikwenda kuwatafuta. Hakutaka kuwashika, alitaka kuwaona tu. Alijifunza kungoja pale penye mkondo, ambapo ndege hulazimika kunawa miguu. Wa mizunguko mitatu hakumwona tena kamwe. Wa miwili alirudi, akakosekana mwaka mmoja, akarudi tena. Limbuko hakukosa.

"Mchungaji wa kondoo nimewahi kumsikia," Musyoka alisema. "Mchungaji wa nyama ya porini, wewe ndiwe wa kwanza."

"Wewe huchungi hata viatu vyako. Kimoja kiko mlangoni kwangu tangu juzi."

Kisha ukaja mwaka wa njaa, elfu moja mia tisa arobaini na tatu. Mvua ilikuwa imekataa bara yote. Mahindi yalitoka kwa serikali tu, ya manjano, machungu, watu wakipanga foleni wayapate kwa kipimo. Bandarini manowari zilijaa hata maji hayaonekani, na Musyoka alirudi jioni mabega yamechubuka, kibaba chake cha unga mkononi. Kuku wa mtaa wote walikuwa wamekwisha kwa kideri. Hata hivyo Kanze alimtolea Mungu sululu wa kwanza wa msimu ule, mguu wa kulia, mizunguko miwili, na Musyoka akakaa siku nzima hamsemeshi.

Mwezi wa Novemba surua ikaingia. Mbeyu, ambaye sasa alikuwa na miaka saba, alilala nayo juma zima. Vipele vilipokauka, homa ikashuka, lakini mtoto hakuinuka. Alilala kando ya ukuta, macho makubwa, akiutazama uji wa manjano kama kitu cha mtu mwingine.

"Mbeyu."

"Abee, mama."

"Kunywa kidogo."

"Nimeshiba."

Mtoto mwenye njaa asemapo ameshiba, mama yake hulisikia neno hilo tumboni. Wanawake wa Mkupe walikuja, wakamshika Mbeyu vifundo vya mikono vilivyokuwa vyembamba kama vijiti vya mshikaki, wakasema anataka mchuzi wa nyama. Samaki hapana. Tondo hapana, wala kaa wala chaza. Mtoto aliyetoka katika surua haguswi na kitu cha chumvi, humrudishia ugonjwa ndani. Hilo kila mama pwani alilijua, na watoto wawili wa jirani waliolishwa samaki mwezi ule walikuwa wamezikwa. Ndege wa kuruka, hao sawa.

Lakini yalikuwa maji mafu. Juma lile maji hayakupwa sana, tope halikutoka ila ukanda mwembamba kando ya mikoko, na ndege walikwenda kula mbali. Kanze alitandaza kamba zake zote kwenye ukanda ule. Siku ya kwanza hapakunasa kitu. Siku ya pili kitwitwi mmoja, mwenye nyama ya kujaza kijiko. Mbeyu alikunywa mchuzi wake, akataka zaidi, na kule kutaka kulimfurahisha Kanze na kumwogofya pamoja.

Siku ya tatu kitanzi kilishika sululu.

Alimwona kwa mbali akipiga mbawa, akakimbia, wima safari hii, akamwangukia kwa mikono miwili. Alikuwa mnene. Kanze alikwisha kumshika shingo aliposikia kitu kigumu kikimkwaruza kiganja. Kwenye mguu wa kulia palikuwa na pete.

Haikuwa shaba. Ilikuwa bati jeupe, jepesi, lililozungushwa vizuri kuliko awezavyo mtu kwa meno, na juu yake pamechorwa maandishi madogo kama mayai ya chawa. Kanze alipanda nyumbani amemkumbatia ndege kifuani. Musyoka alikuwa amekaa kizingitini akingojea zamu ya mchana.

"Nisomee."

Musyoka alisogeza mguu wa ndege karibu na jicho. "Herufi. Na namba baada yake. Si Kiswahili, si Kiingereza, maana masanduku ya Kiingereza nayabeba kila siku nayajua." Akamrudishia. "Nilete kisu?"

"Ni jina," Kanze alisema.

"La nani?"

"La mwenyewe. Aliyemtoa." Alikaa chini, ndege mapajani. "Huko wanakokwenda kuna mtu anayefanya kama mimi. Ametoa malimbuko yake, akaandika na jina ili Mungu asisahau. Huyu ana mwenyewe, Musyoka."

Leo tunajua kwamba huko kaskazini walikuwepo watu waliowavisha ndege pete na namba, ili mtu wa mbali akiokota pete apate kuwaarifu ndege amefika wapi. Walikuwa wanauliza njia. Kanze hakulijua hilo, na hakuna aliyekuwa pale wa kumwambia. Aliisoma pete kwa desturi aliyokuwa nayo: mtu hamfungi ndege chuma na kumwacha aende zake ila kwa ajili ya Mungu. Alimwona kabisa yule mwanamke mwingine, ameinama kwenye tope la nchi yake.

"Na mtoto wako atakula jina?" Musyoka alisimama. Hakuwa anatania. "Mama Mbeyu, mimi nimezika dada yangu kwa njaa. Nakuambia, mtoto akifika pale harudi. Huyo mwenye jina hakuoni. Hakujui!"

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Hayupo hapa nimwombe. Nadhiri yangu ningeivunja, nikajibu mwenyewe. Ya mwenzangu nitaivunjaje, naye ameniamini?"

"Amekuamini lini?"

Ndani, Mbeyu alikohoa kikohozi chepesi kisicho na nguvu ya kumaliza. Musyoka aliutazama mlango, akamtazama ndege, na kwa muda alionekana kama mtu atakayempokonya. Kisha akaingia chumbani kwake akaufunga mlango kwa kishindo. Kanze alishuka pwani, na alipofungua mikono yake alikuwa analia kwa sauti, kama mtu wa msibani, na sululu alipiga filimbi mara moja juu ya mikoko akaenda.

Siku mbili nyingine kamba zilikuwa tupu. Mbeyu aliacha kuitika abee. Aligeuza macho tu. Musyoka alileta unga wake wote akauweka mlangoni bila kubisha.

Siku ya tatu maji yalianza tena kupwa vyema. Kanze alikuta vitanzi vyote viko wazi isipokuwa kimoja, na katika kile kimoja alikuwa amesimama sululu ambaye hakupiga mbawa wala hakupiga kelele, kana kwamba amechoka kushangaa. Hakuhitaji maji ya kumnawisha miguu. Shaba ilikuwa imelika, imekuwa nyembamba kama unywele, mzunguko mmoja, kushoto.

"Limbuko," alisema.

Alichuchumaa mbele yake. Wanawake wa tondo waliokuwa mbali kidogo walisema baadaye kwamba walimsikia akizungumza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na mwenye duka.

"Bwana, huyu ni wako. Nilikupa mimi, hukuniomba. Leo namchukua. Ukitaka kudai, unidai mimi. Mtoto hajui lolote."

Alimchinja pale pale juu ya tope. Mbeyu alikunywa mchuzi ule asubuhi, akala nyama jioni, na kesho yake akala tena mifupa ilipochemshwa. Kanze hakuonja hata chumvi. Maji yaliendelea kupwa, ndege wengine wakanasa, wasio na alama, na baada ya siku kadhaa Musyoka alisikia kutoka chumbani kwake sauti nyembamba ikiuliza kiatu kile cha mlangoni ni cha nani. Alitoka akakichukua, akakaa nacho mkononi muda mrefu.

Jumapili iliyofuata Kanze alimngoja Mwalimu Ngala nje ya kanisa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mtoto ameinuka. Mungu ni mwema."

"Nimechinja malimbuko, mwalimu. Nimemlisha mtoto. Niweke nyuma."

Kuwekwa nyuma kulikuwa adhabu ya kanisa. Aliyewekwa alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, wala hakusogea kwenye meza ya Bwana. Mwalimu Ngala alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkumbusha habari za Daudi, alipokuwa na njaa akala mikate ya madhabahuni, wala hakuhesabiwa kosa.

"Daudi hakuwa ameitoa yeye ile mikate," Kanze alisema.

"Sikuweki nyuma, Kanze. Siwezi. Sina dhambi ya kuandika."

"Basi nitakaa mwenyewe."

Akakaa. Mwaka karibu mzima alikaa benchi la mlangoni, pamoja na walevi na vijana waliotorosha wasichana, na watu waliomhurumia mwanzoni walianza kuchoka naye, maana toba isiyo na amri ya mtu huwaudhi wengine. Mwalimu Ngala alimwuliza mara moja atarudi lini mbele. Alijibu kwamba hajui. Mungu ana ndege wengine wanne wenye shaba yake, na akimrudishia hata mmoja atajua hajakasirika. Mwalimu alisema Mungu hajaribiwi hivyo. Kanze alisema hamjaribu, anamngoja.

Ndege waliondoka kabla ya masika, na ile miezi ya mvua ilikuwa mirefu. Mwisho wa Agosti kitwitwi wa kwanza wakaonekana. Septemba sululu wakaanza kupiga filimbi juu ya mikoko. Kanze hakutega. Alikwenda kila maji yalipopwa, akainama pale penye mkondo, akatazama miguu: mitupu, mitupu, mitupu.

Ilikuwa katikati ya Oktoba alipomwona mmoja aliyekuwa anakula peke yake, mbali na kundi. Mguu wa kulia, juu kidogo ya kifundo, palikuwa na kitu. Pengine waya. Pengine donge la tope lililokauka, au jani la mwani lililojizungusha. Kanze alijisogeza kwa magoti. Ndege alielekea mkondoni, hatua baada ya hatua, akisimama kuchokoa shimo hili na lile, naye Kanze akawa anasema moyoni, vuka, vuka tu. Alifika ukingoni. Akatia mguu mmoja majini, wa kushoto.

Upande wa Kipevu meli ikapiga honi. Kundi lote likaruka, naye akaruka nalo, miguu imekunjwa chini ya mkia.

Musyoka alimkuta jioni amekaa kizingitini akimsuka Mbeyu nywele, akamwuliza kama ameona chochote.

"Nimeona."

"Shaba?"

"Kitu."

"Kitu ni nini, Mama Mbeyu? Ndiyo au hapana?"

"Wewe ukilipwa nusu huchukui?"

Jumapili Kanze aliingia kanisani na Mbeyu wakati watu wamekwisha kuanza wimbo. Alisimama kidogo kando ya benchi la mlangoni, ambako mlevi mmoja alikuwa amemwachia nafasi yake kwa mazoea. Mwalimu Ngala alimwona kutoka mbele, akaendelea kuimba. Kanze alimshukuru mlevi kwa kichwa, akapita, akasogea benchi moja mbele.

Akaketi hapo.